Chumvi Iliyofika Bumula kwa Meli

Bumula haijui theluji, na hakuna anayemwaga chumvi kwenye barabara zake. Lakini lala chini ya lori kuukuu la miwa, utakuta chesisi imeliwa na kutu. Si kila lori lina historia moja, ila mengine yalianza kuugua mbali.

Twende Japani. Mwaka 1990 nchi hiyo ilipitisha sheria dhidi ya matairi ya misumari, yaliyokuwa yakichimba lami na kujaza miji vumbi. Barabara zenye barafu zikabaki zinateleza, basi chumvi ikamwagwa kwa wingi zaidi. Chumvi huyeyusha barafu, lakini maji yake huharakisha kutu.

Miaka hiyohiyo Kenya ililegeza masharti ya biashara, na magari ya mtumba yakamiminika Mombasa. Leo sheria hutazama umri, usizidi miaka 8. Rangi inang'aa, na uvunguni hakuna anayepiga picha.

Huku kazi humalizia ugonjwa. Nzoia Sugar ilianza kusaga 1978, na tangu hapo miwa imebebwa kwenye matope yanayoganda kwenye springi na kutunza unyevu. Chesisi ikikatika na mzigo, dereva na turnboi ndio wanaolipa kwanza.

Mafundi wengi hupulizia oili chafu. Inazuia maji, sawa, lakini inaharibu raba na kudondokea udongo tunaolima. Bora uoshe, ukwangue kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya mvua ya masika.

Na ukinunua lori, usiulize kilomita tu. Uliza lilipitisha wapi majira ya baridi.