Ritifaa katika majina: Jinsi ya kutafuta na kushughulikia hitilafu za programu za wavuti

RITIFAA ni alama ndogo sana katika maandishi, lakini inaweza kumzuia mtu kujisajili, kulipwa au kutibiwa pale ambapo huduma hutolewa kupitia mtandao.

Katika eneo la Meru, alama hiyo imo ndani ya majina ya watu wengi. Baimungi M'Marete, kiongozi wa Mau Mau aliyeuawa mwaka 1965, na Jaji Kathurima M'Inoti ni mifano miwili inayojulikana na umma. Kwingineko nchini kuna akina Ng'ang'a, Nyong'o na Ng'eno. Hata Kiswahili chenyewe hakiwezi kuandika ng'ombe wala ng'ambo bila ritifaa.

Kwa hivyo, mtaalamu anayetayarisha programu ya wavuti kwa ajili ya wakulima wa miraa wa Igembe, wa muguka wa Mbeere au wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya hana budi kuitarajia alama hii. Asipoitarajia, atakayeumia si yeye bali ni mwenye jina.

CHANZO CHA HITILAFU

Programu nyingi za wavuti huweka taarifa katika hifadhidata na kuwasiliana nayo kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, maandishi hutiwa kati ya alama mbili za nukuu, na alama inayotumika ndiyo ile ile ritifaa. Jina Mwangi huandikwa 'Mwangi', na mashine ikaelewa mahali linapoanzia na linapokomea.

Jina M'Inoti likiunganishwa katika amri jinsi lilivyo, mashine husoma 'M'Inoti'. Huona jina la herufi moja tu, M, ambalo limekwisha kufungwa. Kisha hukuta neno Inoti lisilo na maana katika amri hiyo, na mwishoni nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Amri nzima hukataliwa.

Udhaifu huo ndio pia mlango wa wahalifu. Mtu anayejua kwamba ritifaa hufunga maandishi anaweza kuongeza amri zake mwenyewe baada ya alama hiyo, akasoma au kufuta kumbukumbu zisizo zake. Njia hiyo ya uvamizi ilielezwa hadharani mwaka 1998 na Jeff Forristal katika jarida la Phrack. Mkulima anayeshindwa kujisajili kwa sababu ya jina lake huenda, bila kujua, amegundua ufa katika usalama wa mfumo mzima.

SURA TATU ZA TATIZO

Sura ya kwanza ni kukataliwa. Ukurasa husema "jina si sahihi" kwa sababu mwandishi wa programu aliruhusu herufi za A hadi Z pekee. Mwenye jina hulazimika kuandika MInoti au M Inoti, na tangu hapo jina lake katika mfumo halilingani na lile la kitambulisho.

Sura ya pili ni programu kuanguka. Mtumiaji huona ukurasa mtupu au nambari 500, ambayo maana yake ni kwamba kosa limetokea upande wa seva, wala si kwake.

Sura ya tatu ni jina kuharibiwa kimya kimya. Kwa miaka mingi lugha ya PHP ilikuwa na utaratibu wa kutia mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa iliyoandikwa na mtumiaji. Nia ilikuwa kumkinga mwandishi wa programu asiye mwangalifu. Hata hivyo, pale alipoongeza kinga yake juu ya ile, jina lilihifadhiwa kama M\'Inoti. Utaratibu huo uliondolewa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012, lakini majina yaliyokuwa yameharibika hayakujirekebisha. Vivyo hivyo, jina likitafsiriwa mara mbili kwa ajili ya kuonyeshwa katika kivinjari, hutokea kama M'Inoti.

Sura hii ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa hakuna anayeambiwa. Wakenya walishuhudia hatari ya kosa la namna hii baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Idadi ya kura zilizokataliwa iliyokuwa ikionyeshwa hadharani ilipita 300,000, na Tume ya IEBC ikaeleza kuwa hitilafu ya programu ilikuwa ikiizidisha kwa nane. Idadi ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa 108,975. Programu hiyo haikusimama wala kulalamika. Iliendelea kutoa hesabu isiyo ya kweli.

KUTAFUTA HITILAFU

Hatua ya kwanza ni kulizalisha kosa upya. Mlalamishi aulizwe aliandika nini hasa, kwa simu gani na katika ukurasa upi, kisha mtaalamu aandike vivyo hivyo katika nakala ya majaribio.

Hatua ya pili ni kusoma rejista ya seva, mahali programu inapoandika makosa yake pamoja na saa, faili na mstari wa msimbo. Wengi huanza kubahatisha kabla ya kusoma ujumbe ambao tayari unataja chanzo.

Hatua ya tatu ni kupunguza. Jina M'Inoti likikataliwa, lijaribiwe Inoti, kisha M'I. Iwapo ni ritifaa pekee inayoleta tofauti, chanzo kimepatikana. Badiliko lifanywe moja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ni lipi lililoponya.

Inafaa pia kukumbuka kwamba baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa tarakilishi ni mbili tofauti, na jina lililohifadhiwa kwa moja halipatikani likitafutwa kwa nyingine.

KUREKEBISHA

Dawa si kuipiga marufuku ritifaa. Ni kuitenga amri na taarifa. Mtaalamu huandika amri yenye nafasi wazi, mara nyingi kwa alama ya kuuliza, kisha hupeleka jina peke yake likajaze nafasi hiyo. Hifadhidata haitalichukulia jina kuwa sehemu ya amri, hata likiwa na alama gani. Lugha zote kuu za kutayarishia programu za wavuti zina njia hii, na hiyo hiyo huziba ule ufa wa usalama.

Jina lihifadhiwe jinsi lilivyo, na litafsiriwe mara moja tu wakati wa kuonyeshwa. Ritifaa zilizopinda zinyooshwe kabla ya kulinganisha majina. Baada ya hapo, M'Marete na Ng'ang'a ziingizwe katika orodha ya majaribio yanayorudiwa kila msimbo unapobadilishwa, ili kosa lisirejee.

KUMWELEZA MTUMIAJI

Kosa moja huhitaji maelezo mawili. Mtaalamu apate undani wote katika rejista. Mtumiaji aambiwe kwa lugha nyepesi kilichotokea, kama taarifa zake zimehifadhiwa, na afanye nini sasa. Apewe pia nambari ya kumbukumbu atakayoitaja akipiga simu. Kumwonyesha amri za hifadhidata humtia hofu yeye na kumsaidia mvamizi. Kumwambia kwamba amefaulu ilhali taarifa hazikuhifadhiwa ni kumdanganya.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Mwenye jina lililoharibiwa ahifadhi picha ya ukurasa wenye kosa pamoja na tarehe, kisha aombe marekebisho kwa maandishi kwa wanaoendesha mfumo huo, akiambatisha nakala ya kitambulisho. Wasipochukua hatua, anaweza kuwasilisha malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.