Mwenge wa Uhuru

Mwenge wa Uhuru ni alama ya taifa la Tanzania ambayo, tofauti na nembo au wimbo wa taifa, huwafuata wananchi walipo. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha pamoja na bendera ya Tanganyika katika kilele cha Kilimanjaro, uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mbio za kuuzungusha nchini zilianza mwaka 1964, na siku hizi hufikia kilele tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Mwenge umo pia katika ngao ya nembo ya taifa.

Mwanzoni nuru yake ilielekezwa nje. Mwaka 1959, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alizungumzia kuuwasha mlimani umulike ng'ambo ya mipaka, uwafikie waliokuwa wakidhulumiwa na kukata tamaa. Hayo hayakubaki maneno matupu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na wapigania uhuru kutoka kusini mwa bara wakapewa makambi Kongwa na kwingineko. Kijana wa miaka ya 1970 aliyeupokea Mwenge wilayani kwake alijua kuna vita ng'ambo ya Ruvuma, na kwamba nchi yake ilikuwa na upande. Lakini Msumbiji ikawa huru mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na mwaka 1994 Waafrika Kusini wote wakapiga kura. Kazi ya kwanza ya Mwenge ilikuwa imekwisha, na alama iliyomaliza kazi yake kwa kawaida huishia makumbusho.

Mwenge haukuishia huko kwa sababu ulikuwa umegeuzwa kumulika ndani. Leo kiongozi wa mbio hizo hufungua madarasa na zahanati, huweka mawe ya msingi, hukagua nyaraka za manunuzi, na huhimiza vita dhidi ya rushwa, UKIMWI, malaria na dawa za kulevya. Akikuta kazi imelipuliwa, hukataa kuuzindua mradi mbele ya umati, na mkurugenzi wa halmashauri hubaki akijieleza. Kwa kizazi kilichozaliwa baada ya 1994 huu ndio uzalendo unaoonekana: si mshikamano na jirani aliye vitani, bali haki ya kuuliza fedha za kisima zimekwenda wapi.

Wapo wanaoona kwamba mageuzi haya ni kushuka hadhi, kwamba ndoto ya bara zima imekuwa ziara ya ukaguzi. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kuwa adui alikuwa amebadilika. Dhuluma iliyotoka kwa mkoloni ilionekana ng'ambo ya mpaka; dhuluma ya mradi hewa hukaa kijijini, tena mara nyingi huvaa sare ya chama. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992, wapinzani wamedai kuwa mbio hizo ni masalia ya chama kimoja, hutumia fedha ambazo zingenunua dawa, huwabana watumishi na wafanyabiashara kwa michango, na mikesha yake huchochea ngono zembe. Mchango wa lazima hauwezi kutetewa: uzalendo unaotozwa ni kodi tu. Na ukaguzi ambao ratiba yake hujulikana mapema humpa mzembe nafasi ya kupaka rangi. Hata hivyo, kasoro hizi ni za uendeshaji. Hazithibitishi kwamba alama imekufa. Iliyokufa haigombaniwi bungeni.

Mwaka 2020 mbio zilisitishwa kwa sababu ya korona. Ziliporejea mwaka 2021, kilele kilifanyika Chato, wilaya ya nyumbani kwa Rais John Magufuli, aliyefariki Machi mwaka huohuo. Katika siku ya kumkumbuka rais mmoja, Mwenge ukabeba pia kumbukumbu ya mwingine, ambaye wengi wa vijana waliokuwapo walimjua vizuri kuliko walivyomjua Nyerere.