Mwongo: Siku Kumi Zilizogeuka Miaka Kumi

Mwanafunzi wa leo akiulizwa muongo ni nini, atajibu bila kusita kuwa ni miaka kumi. Ndivyo magazeti yanavyoliandika neno hili na ndivyo watangazaji wanavyolisoma. Umoja wa Mataifa ulipotenga miaka ya 2022 hadi 2032 kwa ajili ya lugha za asili, Kiswahili nacho kilikiita kipindi hicho muongo. Lakini ukirudi kwenye kamusi za kwanza za Kiswahili, zile za wamisionari wa karne ya 19, utalikuta neno lilelile likipewa maana ya siku kumi. Kumi imebaki kumi, ila kinachohesabiwa kimekuzwa mara 365. Wengi watasema huo ni upanuzi wa kawaida wa maana, kama lugha zote zinavyofanya, na wakaliacha suala hapo. Mimi naona kilichobadilika ni zaidi ya urefu. Neno la zamani lilionyesha mahali ndani ya mwaka, la sasa linapima tu muda umekwenda kiasi gani, na pamoja na badiliko hilo tumepoteza njia nzima ya kuusoma mwaka. Ili tusichanganye, nitaandika mwongo kwa siku kumi na muongo kwa miaka kumi, ingawa tahajia zote mbili zimetumiwa ovyo kwa maana zote mbili.

Tuanze na shina lenyewe, kwa kuwa ndilo linalowapa nguvu watetezi wa maana mpya. Katika lugha nyingi za Kibantu za Afrika Mashariki neno hili si la kalenda kabisa. Wakikuyu huhesabu ishirini, thelathini na kuendelea kwa mirongo, Wakamba kwa miongo, na Wanyarwanda na Warundi husema mirongo itatu wakiwa na maana ya thelathini. Kwa Kinyarwanda, umurongo ni mstari au foleni. Ni vigumu kutouona udugu wake na mlolongo wetu, ule wa magari au wa watu wanaongoja huduma. Kiswahili kimekuwa na tabia ya kuidondosha l katikati ya irabu, ndiyo maana Mgiriama husema kukala na nzala mahali ambapo sisi twasema kukaa na njaa. Basi mulongo ukawa muongo: vitu kumi vilivyopangwa safu. Waswahili walipochukua ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, neno hili liliondolewa kazi yake ya kuhesabu kila kitu. Likabaki katika kazi moja tu iliyokuwa na watumiaji hodari wasiotaka kuliacha, nao ni mabaharia na wakulima wa pwani.

Watu hao walikuwa na mwaka wao, unaoanza siku ya Nairuzi, jina litokanalo na Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauzidi wala haupungui. Ukiugawa kwa makumi unapata miongo 36 na siku tano za ziada, na hizo tano ni zilezile ambazo kalenda ya kale ya Uajemi iliziweka nje ya miezi yake 12 ya siku thelathini thelathini. Miongo ilitajwa kwa jumla ya siku zilizokwisha hesabiwa, mwongo wa kumi, wa ishirini, wa mia, na hivyo mtu aliyetajiwa mwongo wa mia alijua papo hapo kuwa mwaka umepita robo yake. Majina ya miezi hayakuhitajika. Sir John Gray, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Zanzibar, aliichunguza kalenda hii katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records miaka ya 1950. Kabla yake Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alikuwa ameieleza katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870.

Umri wa hesabu hii unaweza kupimwa, na ushahidi wake umo ndani ya kasoro yake. Jua halikamilishi mzunguko kwa siku 365, linahitaji karibu robo siku zaidi. Kalenda ya Ulaya hulipa deni hilo kwa Februari ya siku 29. Nairuzi hailipi, kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar katika Ghuba, alimaliza kitabu chake kikuu cha unahodha karibu na mwaka 1490, na katika zama zake Nairuzi ya mabaharia iliangukia katikati ya Novemba. Steere anaiweka siku ya mwaka mwishoni mwa Agosti. Kati ya wawili hao imepita miaka 380, ambayo ukiigawa kwa nne unapata siku 95. Zitoe kutoka katikati ya Novemba, kisha uirudishie tarehe siku zipatazo kumi ambazo Ulaya ilizirusha iliposahihisha kalenda yake mwaka 1582, nawe unatua katika wiki za mwisho za Agosti, palepale aliposema Steere. Songa mbele miaka mingine 120 hadi mwisho wa karne ya 20, toa siku thelathini, na unafika wiki ya nne ya Julai. Ndio wakati ambao Wamakunduchi wa kusini mwa Unguja huoga mwaka wao, Mwaka Kogwa, kwa vishindo vya migomba na kibanda kinachotiwa moto. Nahodha Mwarabu, mmisionari Mwingereza na wazee wa Makunduchi hawakupatana kwa lolote, lakini tarehe zao ziko kwenye uzi mmoja. Siku zile zilikuwa zikihesabiwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 500 bila mtu kupoteza hesabu, jambo ambalo si dogo kwa watu walioambiwa mara nyingi kuwa hawakujali wakati.

Hapa hoja ya kwanza dhidi yangu inasimama yenyewe. Kalenda inayoteleza ina faida gani kwa mkulima anayetaka kujua lini masika yataanza? Miezi mitatu na zaidi imepotea kati ya ibn Majid na Steere, kwa hiyo mwongo uliofaa kupandia mpunga zama za mmoja haukufaa zama za mwenzake. Ni kweli, lakini tazama kasi ya upotevu huo. Siku moja kwa miaka minne ni siku kumi kwa miaka arobaini, yaani mwongo mmoja katika umri wa mtu tangu anaposhika jembe au usukani mpaka anapomwachia mwanawe. Kanuni aliyoipokea kijana kwa babaye ilikuwa na kosa la mwongo mmoja tu alipokuwa mzee, na kosa hilo angeligundua kwa macho, kwa kuwa upepo haukumngoja. Sasa linganisha na kalenda ya Hijria, ambayo pwani iliifuata kwa ibada na iliyopewa majina ya Kiswahili kabisa, mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa. Mwaka wake una siku 354 hivi, kwa hiyo unaliacha jua kwa siku kama 11 kila mwaka. Kinachochukua miaka arobaini kwenye Nairuzi kinatokea kwenye Hijria kila mwaka. Mfungo mosi huweza kuangukia kaskazi na baada ya miaka kadhaa ukaangukia kusi. Mwezi wa Hijria ulimtosha mtu kwa saumu na arobaini ya maiti, lakini haukumwambia lini ang'oe nanga.

Na kung'oa nanga hakukuwa na nafasi ya kubahatisha. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi huyarudisha. Ila kusi likishakaza, Juni na Julai, bahari ya kuelekea Uarabuni huwa mbaya. Nahodha aliondoka ama mwanzoni kabla upepo haujapata nguvu, ama mwishoni ukishalegea. Kila nafasi kati ya hizo mbili ilikuwa dirisha jembamba, na aliyelikosa alikaa bandarini miezi, akilisha mabaharia na kuitazama biashara yake ikidoda. Kwa kazi kama hiyo mwezi mzima ni mrefu mno na siku moja ni fupi kuliko uhakika wa upepo. Siku kumi ndizo zilizolingana na usahihi ambao hali ya hewa yenyewe inauruhusu. Ibn Majid na wenzake nao walitaja nyakati za safari kwa idadi ya siku za Nairuzi, mara nyingi kwa makumi kamili, na hii inaonyesha kwamba kipimo kilitokana na bahari, sio na ukoo wa mtu.

Nasema hivyo makusudi, kwa sababu Nairuzi imetumiwa sana kama hati ya ukoo. Imedaiwa kwamba mwaka wa Kiajemi ni ushahidi wa walowezi kutoka Shiraz. Ibn Majid anatosha kuitia shaka hoja hiyo: alikuwa Mwarabu, aliandika kwa Kiarabu, na alihesabu kwa Nairuzi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kalenda ya kazi katika Ghuba na bahari yote iliyounganishwa nayo. Kalenda husafiri na watumiaji wake wa kazi hata pasipo uhamiaji wowote, kama leo mtu wa Mbeya anavyoandika Agosti bila kuwa na babu Mroma. Na Uajemi wenyewe haukutoa neno mwongo. Uliyatoa maumbo ya nje, siku 365 na zile tano za mwishoni; Mswahili akayajaza safu za makumi kwa neno la lugha yake ambalo tayari lilikuwa likihesabu ng'ombe na vibuyu bara.

Ilikuwaje basi likapanda hadi miaka kumi? Kalenda ya serikali na ya shule ilikuja na miezi yake, Januari hadi Desemba, na ikaziba kila nafasi ndogo ndani ya mwaka kwa wiki na tarehe. Meli za mvuke zikaondoa ulazima wa kungoja upepo. Mwongo ukabaki kwa wazee wa majahazi na mashamba. Upande wa pili, Kiswahili cha habari na cha vyuo kilikuwa na mwaka na kilikuwa na karne, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu. Siasa za baada ya uhuru zilikidai kitu hicho: Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 1961 kuwa miaka ya sitini itakuwa ya maendeleo, kisha ukatenga 1976 hadi 1985 kwa wanawake, na kila tangazo lilihitaji jina kwa Kiswahili. Neno lenye maana ya kumi, lisilo na kazi kubwa tena mjini, lilikuwa karibu. Siwalaumu waliolichukua. Kwa kuwa shina ni kumi tu, hata ukisema miaka kumi hujavunja chochote, na anayedai kwamba matumizi ya leo ni upotofu hana pa kusimama.

Lakini kukubali hilo hakumlazimu mtu kusema hakuna kilichopotea. Mwongo wa mia haukuwa urefu wa siku mia moja wala wa siku kumi tu. Ulikuwa anwani. Hakuna anayeuliza leo tuko muongo wa ngapi ili ajue la kufanya kesho, na miongo ya miaka haijirudii ili mtu ajifunze tabia yake. Kuna pia hasara ya msomaji. Anayekuta miongo mitatu katika maandishi ya zamani ya pwani atasoma miaka thelathini mahali ambapo mwandishi alikuwa akizungumzia kama mwezi mmoja. Wafaransa walijikinga na hatari hiyo: décade kwao ni siku kumi, ile iliyopewa cheo na kalenda ya mapinduzi ya mwaka 1793, yenye décade 36 na siku tano za ziada kama ya kwetu, na miaka kumi wakaipa neno jingine, décennie. Sisi tuliliacha neno moja liende kwa tajiri.

Litajibiwa kwamba siku kumi hazina mtumiaji tena, hivyo hakuna wa kudai neno. Hili ndilo pingamizi dhaifu kuliko yote. Kila Ramadhani misikiti ya pwani hugawa mwezi kuwa kumi la kwanza, kumi la kati na kumi la mwisho, na mgawanyo huo unaeleweka na watoto. Na wataalamu wa hali ya hewa na kilimo duniani kote hupima mvua na ukuaji wa mazao kwa vipindi vya siku kumi, vitatu kwa mwezi, 36 kwa mwaka, kwa sababu ileile iliyomwongoza nahodha: mwezi ni mrefu mno kwa mmea na siku moja haisemi kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake za kilimo kwa vipindi hivyohivyo. Wataalamu huviita dekadi, neno la Kigiriki, na wakimwandikia mkulima husema siku kumi. Kulirudisha mwongo kwenye kazi hiyo kungekuwa rahisi kwa upande wa maana, kwani tahajia mbili tayari zipo na zingeweza kugawana. Tatizo ni kwamba mwongo ni pia mtu asemaye uongo, na sidhani kuna mtabiri wa mvua atakayekubali taarifa yake ya kila siku kumi iende kwa wakulima ikiwa na kichwa hicho.