Mtaa uliofungwa kwa magari, kisha ukafunguliwa

Agosti 19, 1959, mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, uliwakabidhi waenda kwa miguu sehemu ya barabara yake kuu ya biashara. Hakuna mji wa nchi hiyo uliokuwa umethubutu kufanya hivyo. Katika vipande viwili vya Mtaa wa Burdick, lami iliondolewa, zikaja nyasi, miti na chemchemi. Gharama, takriban dola 60,000, iligawanywa kati ya mji na wenye majengo ya mtaa huo. Lakini ubishi kuhusu magari yapite wapi na yaegeshwe wapi haukuisha siku hiyo. Umedumu kwa zaidi ya miaka 60.

Kilichowasukuma wafanyabiashara ni hofu ya kukimbiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia nyingi za Marekani zilinunua magari, zikahamia pembezoni mwa miji. Maduka yakazifuata huko, kwenye viwanja vipana ambako kuegesha ni bure. Mjini kati, mitaa ilikuwa imepimwa enzi za farasi. Mteja alizunguka akitafuta pa kuegesha, akichoka aliondoka na fedha zake.

Wakamwita Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Ndiye aliyechora Southdale, jumba la maduka lililoezekwa lote, lililofunguliwa Minnesota mwaka 1956. Kwa maneno mengine, wenye maduka wa mjini waliomba tiba kwa mtu yule yule aliyewafundisha washindani wao namna ya kuwanyang'anya wateja.

Mpango wake wa mwaka 1958 uliitwa "Kalamazoo 1980". Gruen alitaka kwanza ijengwe barabara ya kuzunguka kitovu cha mji, ili gari lisilo na shughuli pale lipite kando. Kwenye mzunguko huo yangekuwapo maegesho makubwa, na mtu angeliacha gari lake na kumalizia safari kwa miguu. Mitaa ya ndani ndiyo ingefungwa. Mji ukachukua kile kilichokuwa rahisi na cha kupendeza, yaani mtaa wenye nyasi, ukaiacha barabara ya mzunguko kwenye karatasi.

Mwaka 1965 mambo yakageuzwa kinyume kabisa. Barabara mbili zinazopita karibu na Burdick, Michigan Avenue na Kalamazoo Avenue, zilifanywa za njia moja ili magari yaupite mji haraka. Gruen alitaka magari ya wapita njia yazunguke nje. Sasa yalipita katikati, tena kwa kasi. Na ulipofika mwaka 1980 wenyewe, jumba la maduka la Crossroads lilifunguliwa Portage, mji jirani, likiwa na maegesho tele.

Wenye maduka wengine wakasema dawa ni kuyarudisha magari. Mwaka 1998 vipande viwili kati ya vinne, kwa maana mtaa ulikuwa umeongezwa, vikafunguliwa tena. Mwaka uliofuata duka kubwa la Gilmore's, lililokuwapo tangu karne ya 19, lilifunga milango. Kumbe kuyarudisha magari nako hakukutosha.

Kufikia hapo, miji karibu 200 ya Marekani ilikuwa imeiga Kalamazoo, na mingi ilishaanza kurudi nyuma. Chicago iliibadili State Street mwaka 1979, ikairudishia magari mwaka 1996. Fresno, California, ilifunga Fulton Street mwaka 1964 na kuifungua mwaka 2017. Hata hivyo Pearl Street ya Boulder, iliyofungwa mwaka 1977, na Church Street ya Burlington, ya mwaka 1981, bado zinafurika watu. Miji hiyo miwili ina vyuo vikuu karibu na kitovu chake, kwa hiyo wateja wengi hufika kwa miguu yao.

Mwaka 2019 Kalamazoo ilizichukua kutoka serikali ya jimbo zile barabara za mwaka 1965, ikapanga kuzirudisha kuwa za njia mbili, zenye mwendo wa polepole na nafasi zaidi kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Hoja za zamani zikaibuka upya: msongamano, maegesho, wateja watafikaje.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Gruen alirudi kuishi Vienna, akayakana hadharani majumba ya maduka ya Marekani. Mwaka 1974 mji wake wa kuzaliwa uliifunga Kärntner Straße, na miaka minne baadaye treni ya chini ya ardhi ikaanza kushusha watu hapo hapo. Kalamazoo ilibishania vipande viwili vya mtaa bila kwanza kuamua mteja wa mbali atafika kwa njia gani. Baraza lolote linalotaka kufunga mtaa, au kuufungua, lingeanza na swali hilo.