Zabibu, Divai na Mkangafu: Tatizo la Neno "Kavu"

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa hati za biashara na forodha ni majina ya vileo vya kigeni. Tumechagua kimoja, divai nyekundu na nzito iitwayo Amarone, itokayo Valpolicella karibu na mji wa Verona, Italia, kwa kuwa inafichua historia ya maneno yetu wenyewe.

Divai hiyo hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa. Baada ya mavuno, mashada hutandazwa juu ya chanja ghalani kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata yanyauke na kupoteza kama theluthi ya uzito wake, ndipo yakamuliwe. Kileo chake hakipungui asilimia 14.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "divai ya zabibu kavu". Lakini "zabibu" ni neno la Kiarabu, na huko maana yake ni tunda lililokaushwa tu. Bichi lina jina lake, "inab". Yaelekea pwani yetu ilizoea kwanza lile kavu, lenye kustahimili safari ya jahazi, kisha jina likaenea hata kwa bichi. Leo, mizabibu ikiwa imestawi Dodoma, tunda bichi ndilo linalotangulia mawazoni, nasi tumelazimika kuongeza "kavu" juu ya neno ambalo kwa asili lilikuwa kavu! Hata hivyo, zabibu kavu za pilau sizo zinazotakiwa hapa. Za Valpolicella zimenyauka, hazijakauka. Twapendelea "zabibu nyaufu".

Kuhusu kinywaji chenyewe, "mvinyo" tuliupata kwa Wareno, ukatanuka hata ukashika na vileo vikali vya kukenekwa. "Divai" ilitoka Kifaransa, na Biblia ya Union ya mwaka 1952 inaitumia katika habari ya harusi ya Kana. Ibaki hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba Wazungu huita "kavu" divai iliyokwisha sukari. Tukiwafuata, tutapata "divai kavu ya zabibu kavu", na karani wa forodha atakuwa na haki ya kucheka. Tena tofauti hiyo ni ya lazima, kwani zabibu hizo hizo hutoa pia Recioto, divai tamu ambayo uchachukaji wake husimama mapema. Inasimuliwa kuwa mwaka 1936 pipa la Recioto lilisahauliwa katika ghala la ushirika wa Valpolicella. Sukari ikaisha, na kinywaji kikapewa jina litokanalo na neno la Kiitalia lenye maana ya uchungu.

Sasa na twende Mlandege, mjini Iringa. Mnywaji wa ulanzi, utomvu wa machipukizi ya mianzi, hahitaji kuelezwa jambo hili. Ulanzi mbichi na mtamu huitwa togwa (si togwa ya nafaka ijulikanayo kwingineko), nao uliochachuka ukawa mkali huitwa mkangafu. Ni kinywaji kimoja chenye majina mawili, kwa kufuata sukari iliyobaki, sawasawa na Recioto na Amarone.

Kwa hiyo twapendekeza "divai kangafu" badala ya "divai kavu". Wapo watakaosema hilo ni neno la kilabuni. Lakini "ikulu" nayo ilitoka lugha za bara, na hakuna leo anayeiona ngeni. Hadi hapo itakapokubaliwa, mfasiri wa lebo aandike "Amarone: divai nyekundu isiyo tamu, ya zabibu nyaufu", na jina la Kiitalia aliache lilivyo.