Ufundi Uliofichwa na Fikira Iliyoandikwa

Wasomaji wetu, Nyanda za Juu za Kusini zina habari mbili zitupasazo kuzitafakari, tukitaka kujua namna fikira ya mtu ilindwavyo.

Ya kwanza ni ya wayeyushaji chuma wa Unyiha, katika nchi ya Mbozi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hata ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Mafundi hao walijenga tanuri refu la udongo, livutalo upepo lenyewe pasipo mivukuto. Kisha chuma kilichotoka humo wakakisafisha katika tanuri dogo kwa mivukuto. Kazi ilizungukwa na dawa na miiko, wala si kila mtu aliyeruhusiwa kukaribia. Miiko ile ilikuwa ibada, lakini twaona ilikuwa pia ukuta, maana asiyefunzwa hakuweza kuiga. Hata majembe ya viwandani yalipoenea, matanuri yakazimika, na wazee wakaenda kaburini na mengi waliyoyajua.

Mataifa mengine yalishika njia nyingine. Mji wa Venice uliweka sheria yake mwaka 1474, na Uingereza mwaka 1624, ya kumpa mvumbuzi haki ya peke yake kwa muda. Waingereza walikadiria miaka 14. Baadaye ikawa sharti aeleze ufundi wake kwa maandishi, ili muda ukiisha kila mtu autumie. Hati hiyo ndiyo hataza. Katika Tanganyika ya Waingereza, hataza ilipatikana kwanza Uingereza ndipo ikasajiliwa huku, safari ndefu kwa fundi wa kijijini! Sheria ya Tanzania ya mwaka 1987 ilifungua mlango wa kuiomba hapa hapa nchini.

Lakini hataza hailindi kila wazo, na hapo yaja habari ya pili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akiogopa kukosa nafasi katika jokofu, alitia maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda mbele ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaishika kuwa mzaha. Sisi tufundishao twajua dhihaka ya namna hiyo hunyamazisha wangapi.

Yeye hakunyamaza. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoizuru Mkwawa, Mpemba alimwuliza mbele ya wote, na wengine wakacheka. Osborne akaahidi kulijaribu jambo hilo, akalijaribu kweli. Angeweza kuandika peke yake, na nani angemshitaki? Sheria ya hataza isingemsaidia kijana, kwa kuwa alichogundua ni tabia ya maji, wala si chombo alichokiunda. Lakini makala iliyotoka mwaka 1969 ilibeba majina yote mawili, na ndani yake Mpemba akasimulia mambo yake kwa maneno yake mwenyewe.

Tangu hapo wataalamu huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, ingawa Aristotle aliligusia zamani. Mwaka 2016 wachunguzi wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Nao pia, katika kulipinga, waliliita kwa jina lake.