Tumbo la Lady Macbeth

Jioni ya tarehe 21 Aprili 1794, jumba jipya la maonyesho la Drury Lane, London, lilifunguliwa rasmi kwa tamthilia ya Macbeth. Lilikuwa jumba kubwa mno kwa wakati wake, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 3,600, na wenyewe walilionea fahari pazia lake la chuma la kuzuia moto na matangi ya maji yaliyopandishwa darini. Aliyecheza Lady Macbeth usiku ule ni Sarah Siddons, mwanamke wa miaka 38, mimba yake ikiwa imetimia miezi sita hivi. Lady Macbeth ni yule mke anayemchochea mumewe aue, na katika maneno yake makali kuliko yote anasema kwamba amewahi kunyonyesha na anajua kumpenda mtoto aliye kifuani. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mama ambaye hali yake haikuhitaji kutangazwa kwa mtu. Ufunguzi haukuahirishwa, wala nafasi haikupewa mwingine. Mwezi Julai alijifungua Cecilia, mtoto wake wa saba na wa mwisho.

Nauanzia usiku ule kwa sababu unakwenda kinyume na jambo ambalo wengi tumelizoea hata tunalidhani ni la maumbile: kwamba mimba na uigizaji ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Ukiifuata historia ya kazi hii, London kwanza na Hollywood baadaye, unaona kwamba ugomvi huo una umri na una chanzo. Ulizaliwa pale mwili na sura ya mwigizaji vilipouzwa kwa mnunuzi mmoja kwa miaka mingi mfululizo. Kabla ya hapo mimba ilikuwa taabu, tena taabu kubwa, lakini ilikuwa taabu ya kupangiwa ratiba.

Tuanze na mlango ambao Siddons mwenyewe aliingilia London. Agosti 1775 David Garrick, bwana wa Drury Lane, alimtuma Henry Bate kwenda Cheltenham kumtazama binti mmoja wa ukoo wa waigizaji wa kutembea, ambaye sifa zake zilikuwa zimeanza kuvuma. Bate alimsifu sana kwa barua, na katika barua hizo hizo akaeleza kwamba mwanamke huyo ni mjamzito na tumbo limeshakua. Garrick alishtuka. Lakini alichouliza ni lini atakuwa tayari, na mpango ukasogezwa mbele. Siddons alijifungua Sally tarehe 5 Novemba, na tarehe 29 Desemba alisimama jukwaani London akicheza Portia. Ni siku 54, yaani wiki mbili tu tangu atoke arobaini, tena zikiwemo safari ya gari la farasi katika baridi ya Desemba na mtoto mwingine wa mwaka mmoja mkononi. Alishindwa vibaya. Sauti haikufika mbali, mwili ulitetemeka, na msimu ulipokwisha uongozi wa jumba ukamwandikia barua kwamba hahitajiki tena.

Kisa hiki mtu anaweza kukitumia dhidi yangu, na ana haki. Aseme: si umeona, alirudishwa kazini mapema mno, mwili haukuwa umepona, akafukuzwa, mimba ndiyo iliyomponza. Namkubalia nusu. Kilichomponza ni kutokuwa na muda wa kupona, na muda huo hakuupata kwa sababu hakuwa na mtu London wa kumsemea. Tazama kilichofuata. Alirudi mikoani, akajijenga upya, na kuanzia 1778 akaweka makazi Bath, mji ambao matajiri wa Uingereza walikuwa wakija kunywa maji ya chemchemi na kustarehe. Pale alipata kile ambacho kazi ya uigizaji haijawahi kuendeshwa bila hicho, yaani kujuana na watu. Mei 1782, akiagana na watu wa Bath kurudi Drury Lane, aliwapandisha jukwaani watoto wake watatu na kueleza kwamba hao ndio sababu ya kuondoka kwake; mapato ya London yangewalea. Mimba nyingine ilikuwa karibu kabisa kufika siku zake, na mtoto alizaliwa mapema Juni. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo alitokea Drury Lane, mwanawe Henry akicheza nafasi ya mtoto pembeni yake, na London nzima ikalia naye. Nafasi ya uzazi ya 1782 ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya 1775: siku 54 mara ya kwanza, miezi minne mara ya pili. Lakini kilichotofautiana zaidi ni idadi ya watu waliokuwa wakimngoja.

Kujuana huko kulikuwa na utaratibu wake, na hapa ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Mwigizaji wa daraja la juu alipewa usiku mmoja kwa msimu ambao mapato ya mlangoni, yakishatolewa gharama za jumba, yalikuwa yake. Tamthilia aliichagua mwenyewe. Tiketi ziliuzwa nyumbani kwake, hivyo mabibi wa watu wakubwa walituma watumishi au walikwenda wenyewe, wakakaa, wakaulizana hali za watoto, wakalipa mara nyingine zaidi ya bei. Sebule ya mwigizaji ndiyo ilikuwa soko lake. Mwanamke aliyekuwa mzito aliweza kupokea wageni sebuleni kwa urahisi kuliko alivyoweza kusimama saa nne jukwaani, na kwa hiyo miezi ya tumbo kubwa haikuwa lazima iwe miezi ya kusahaulika. Siddons alicheza Lady Macbeth London kwa mara ya kwanza katika usiku kama huo wa kwake, tarehe 2 Februari 1785. Tena jumba lilibadilisha tamthilia karibu kila siku, kwa hiyo mjamzito aliweza kupewa michezo ya kukaa na kulia, ile ya kukimbia ikamngoja. Na usiku ule wa 1794? Meneja wa Drury Lane, ambaye pia ndiye aliyecheza Macbeth, alikuwa John Philip Kemble, ndugu yake wa tumbo moja.

Sisemi ilikuwa pepo. Siddons alizika watoto watano kati ya saba, na alifanya kazi katika hali zile kwa sababu watu wengi walikula kwa jasho lake. Dora Jordan, mchekeshaji mkubwa wa kizazi hicho hicho, alizaa watoto kumi na mwana wa mfalme, Duke of Clarence, kati ya 1794 na 1807, akiendelea kuigiza mimba baada ya mimba. Mwaka 1811 mwenzake alimwacha. Katika makubaliano ya kuachana alitengewa fedha na ulezi wa mabinti, kwa sharti kwamba akirudi jukwaani ulezi na fedha zao vitamtoka. Madeni ya jamaa yalipombana alirudi, na mwaka 1816 alifia Ufaransa mbali na wanawe. Mimba kumi hazikumtoa jukwaani. Kifungu kimoja cha karatasi kilimtenganisha na mabinti zake. Hata balaa lake linanithibitishia pa kutazama.

Sasa tuvuke bahari. Katika miaka ya 1930 studio za Hollywood zilimfunga mwigizaji kwa mkataba wa miaka saba. Studio ilichagua filamu, nguo, nywele, mara nyingine hata jina. Mwigizaji aliyekataa nafasi alisimamishwa bila mshahara, na muda huo ukaongezwa mwishoni mwa mkataba. Mimba nayo ilihesabiwa katika fungu hilo hilo la kutokuwepo kazini. Olivia de Havilland, ambaye kosa lake lilikuwa kukataa nafasi alizopewa, aliishitaki Warner Bros., na Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Juu ya hayo kulikuwa na kifungu cha maadili. Loretta Young alipopata mimba ya Clark Gable mwaka 1935, bila ndoa, alijificha, akajifungua Novemba, mtoto akalelewa kwingine, kisha mwaka 1937 mama huyo akatangaza kwamba ameasili mtoto. Yule binti, Judy Lewis, aliuweka ukweli hadharani katika kitabu chake cha 1994. Mama aliyelazimika kumwasili mwanawe wa kumzaa ili asipoteze kazi: sioni ushahidi mzito kuliko huo wa kilichokuwa kimebadilika tangu 1794.

Lucille Ball alipitia mfumo huo, akiwa mwigizaji wa mkataba wa RKO. Alipopata mimba ya mtoto wake wa pili mwaka 1952, akiwa na miaka 40, hali ilikuwa nyingine: kipindi cha I Love Lucy kilikuwa mali ya Desilu, kampuni yake na mumewe Desi Arnaz. Kituo cha CBS na mfadhili, kampuni ya sigara, walitaka tumbo lifichwe nyuma ya viti. Arnaz na mtayarishaji Jess Oppenheimer wakataka liingie kwenye hadithi. Waliruhusiwa kwa sharti kwamba neno “mjamzito” lisitamkwe hewani, na padri, mchungaji na rabi waliletewa miswada waipitie. Katika kipindi ambacho mume anapata habari, Ball na Arnaz walitokwa na machozi ya kweli mbele ya kamera, na machozi hayo yakaachwa yalivyo. Tarehe 19 Januari 1953 Lucy alijifungua kwenye televisheni, kipindi kikiwa kimerekodiwa miezi kabla. Siku hiyo hiyo Ball mwenyewe alijifungua kwa upasuaji uliopangwa. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Mwaka 1957 Desilu ilinunua majengo ya studio za RKO.

Atabaki mtu wa kusema kwamba kamera si jukwaa, inaona kila kitu. Ni kweli kwa kiasi. Annette Bening aliikosa nafasi ya Catwoman katika filamu ya Batman Returns kwa sababu ya mimba, na tumbo lisingefichika kirahisi ndani ya vazi lile la kubana. Lakini mwaka 2016 Gal Gadot, mimba ya miezi mitano, alirudia kupigwa picha za Wonder Woman akiwa amekatiwa vazi kwa mbele na kushonewa kitambaa cha kijani, ili kompyuta ilifute tumbo baadaye. Filamu ilikuwa karibu kwisha na sura yake haikuwa na mbadala, kwa hiyo njia ilipatikana.

Jaribio safi zaidi lilifanyika katika mahakama ya Los Angeles. Hunter Tylo aliajiriwa mwaka 1996 kuigiza katika kipindi cha televisheni cha Melrose Place, akaiarifu kampuni ya Spelling kwamba ana mimba, mkataba ukavunjwa kabla hajapigwa picha hata moja. Kampuni ilidai kwamba mjamzito hawezi kucheza mwanamke wa kuvutia wanaume. Lakini Heather Locklear, nyota aliyekuwa amekwisha kuota mizizi katika kipindi hicho hicho, alipata mimba mwaka 1997 na akaendelea kuonekana. Kesi iliposikilizwa Tylo alikuwa mjamzito tena, siku zake zikikaribia. Wakili wa upande wa pili aliwaeleza wazee wa baraza kwamba umbo la mimba haliendani na nafasi ile, na mwenye umbo hilo alikuwa amekaa mbele yao, wakimwona. Desemba 1997 waliamuru alipwe dola zinazokaribia milioni 5.